Mgeuze, Nione Mgongo

Jirani yetu hapa Makorora, Tanga, anasuka nywele. Hana saluni. Ana kigoda, kitana, kopo la mafuta ya nazi na baraza yenye kivuli cha mkungu. Jumamosi ya tarehe 15 Machi 2025, katikati ya Ramadhani, binti yangu Mwanaidi, wa miaka sita, alikaa kati ya magoti yake tangu saa nane mchana akisukwa twende kilioni. Nilipokwenda kulipa na kumchukua, jirani akaniambia, "Baba Mwanaidi, mtoto ana kipele hapa kati ya mistari, nimekipisha na kitana. Kina maji." Nikainama, nikatazama kwa jicho la mtu aliyefunga na ambaye mawazo yake yako kwenye uji wa futari. Nikasema, "Mbu tu huyo."

Makala haya yote yametoka kwenye hayo maneno mawili, "mbu tu". Mbu gani anaacha shavu, anaacha mkono ulio wazi, anapenya nywele mpaka utosini kumuuma mtoto? Lakini mtu akishakuwa na jibu mdomoni haulizi tena.

Jumapili mtoto alikuwa mzito. Hakuwa mgonjwa wa kulala, hapana. Alikuwa mzito tu, kama mtu aliyeamshwa usingizi haujamwisha. Kwenye futari alizisukuma tambi pembeni, yeye ambaye siku zote hugombea kukwangua sufuria. Nikadhani anadeka kwa sababu mama yake yuko Lushoto anamuuguza mkwe wangu. Usiku akapata joto, nikampa paracetamol ya maji, nikalala nikijiona baba kamili. Jumatatu asubuhi wakati wa kumwogesha nikaona vipele vitatu kifuani na kimoja tumboni. Joto la kaskazi lilikuwa bado halijatuachia, Tanga nzima inajikuna, nikasema harara. Nikampaka poda, nikamvalisha sare, nikampeleka shule. Sentensi hiyo ya mwisho naiandika haraka kwa sababu siipendi.

Jioni ile umeme ulikatika tukiwa bado kwenye mkeka wa futari. Mtoto alikuwa anajikuna mgongo kwenye ukuta kama mbuzi. Nikampigia dada yangu wa Muheza, muuguzi wa zaidi ya miaka ishirini, kwa simu ya video; simu mkono mmoja, tochi ya kuchaji mkono mwingine. Nikaisogeza simu kwenye kifua cha mtoto.

"Dada, hebu angalia hiki kipele."

"Usinionyeshe kipele," akasema. "Nionyeshe mtoto."

Nikarudi nyuma hatua mbili. Akaanza kutoa amri, kwa sauti ile ile aliyokuwa akinitumia kunitoa nje niende kisimani tulipokuwa wadogo. Mvue hiyo fulana. Mgeuze, nione mgongo. Nyanyua mikono, nione kwapani. Panua mistari ya nywele. Nionyeshe viganja. Nyayo. Sasa afungue mdomo, aseme aaa. Juu, kwenye kaakaa, kulikuwa na vidonda viwili vidogo vyenye weupe, na hapo ndipo nilipojua kwamba zile tambi hazikukataliwa kwa deko.

"Mdogo wangu," dada akasema, "hiyo ni tetekuwanga, wala hapo hatubahatishi."

Nikiwa mdogo nilikuwa nikilisikia jina hilo nadhani ni habari ya wachawi, kwa sababu ya hiyo "kuwanga" iliyomo ndani yake. Nilikuwa naogopa kulitamka usiku. Ukubwani nikalisahau, nikaliweka kwenye kapu la magonjwa ya watoto, yale ambayo mtu anadhani alishayapita bila kukumbuka ni lini.

Dada alikuwa ameona nini ambacho mie sikukiona kwa siku tatu? Aliniambia niutazame mgongo kama vile natazama watu msibani. "Hapo kuna watoto, kuna vijana, na huyo mmoja karibu na bega anaanza uzee. Kesho utawaona wazee wengi. Ugonjwa unaoleta marika yote mahali pamoja ni huo." Tangu siku hiyo sijasikia maelezo ya tetekuwanga yanayoyapita hayo. Vipele vyake havitoki kwa mkupuo mmoja. Vinatoka kwa mafungu, fungu leo, fungu kesho, kwa muda wa siku tatu mpaka tano. Kwa hiyo ukiutazama mwili siku ya pili au ya tatu unakuta doa bapa lililotoka asubuhi, pembeni yake kipele kilichovimba, pembeni yake lengelenge la maji, na pembeni yake kigaga kilichokwisha kukauka. Vyote katika eneo la kiganja kimoja. Harara haifanyi hivyo, wala kuumwa na mbu, wala surua.

Na vinaanzia katikati ya mtu. Kifua, tumbo, mgongo, uso na kichwani kwenye nywele, kisha ndiyo vinasambaa kwenda mikononi na miguuni, vikipungua kadiri vinavyokwenda mbali. Vinaingia hata mdomoni, kwenye kope, na sehemu za siri, ambako mtoto hasemi mpaka umuulize kwa nini analia akikojoa. Mtu ambaye hakuchanjwa anaweza kupata kati ya vipele 250 na 500. Mwanaidi alijaribu kuhesabu vya kwake kwa kidole, akafika sitini na kitu, akachoka na kuomba katuni.

Kimoja nilikikazia macho mpaka leo naweza kukichora. Kilikuwa chini kidogo ya bega la kushoto. Umbo la yai, kidogo kama punje ya choroko, ngozi yake nyembamba kama utandu juu ya maziwa yaliyopoa. Ndani maji meupe kabisa. Nilipoigeuza tochi kikang'aa kama tone la umande kwenye jani la myugwa. Kuzunguka tone hilo ngozi haikuwa nyekundu. Ilikuwa nyeusi zaidi, rangi ya zambarau iliyoiva. Jumanne jioni lile tone lilikuwa limebonyea katikati kama andazi lililoguswa kwa kidole kabla ya kukaangwa, na maji yake yamechafuka kama ya kuoshea mchele. Jumatano kilikuwa kigaga.

Naomba nisimame kwenye hiyo rangi. Usiku ule, dada alipokata simu, nilifanya ambalo kila mzazi mwenye bando hulifanya: nikaingia intaneti kutafuta picha. Picha baada ya picha, watoto weupe wenye madoa mekundu kama wamerushiwa juisi ya rozela. Maandishi yote yanasema "tafuta wekundu". Kwa ngozi zetu ukikaa unasubiri wekundu utasubiri mpaka mtoto apone. Kwetu doa jipya ni giza juu ya giza, au kahawia yenye zambarau, na mara nyingi vidole vinaligundua kabla ya macho. Pitisha kiganja mgongoni taratibu, utahisi vijichanga. Kisha lete mwanga wa ubavuni, si wa mbele. Tochi ya mbele inafuta kila kitu. Ya ubavuni inakitoa kila kipele na kivuli chake, na chenye maji kinajitangaza chenyewe kwa kung'aa. Hilo sikulisoma popote, nilifundishwa na kukatika kwa umeme.

Asubuhi ya Jumanne nikamchukua bibi yangu kutoka Mabawa aje kukaa na mtoto. Bibi ana alama ya chanjo ya ndui mkononi, kovu la duara kama muhuri wa posta, na anaishika alama hiyo kila akisikia neno vipele. Akamvua mtoto kanga, akamtazama mara moja tu, akasema, "Si ndui hii. Ndui mie naijua. Ndui ilikuwa ikishuka mpaka nyayoni, na yote sura moja." Nikashangaa, maana bibi hajasoma, lakini alikuwa amesema jambo lile lile la dada. Ndui vipele vyake ni rika moja, kama vijana walioingia jando siku moja: vyote vinavimba pamoja, vinajaa maji pamoja, vinaiva usaha pamoja, na vinajaa zaidi usoni, mikononi na miguuni, viganja na nyayo vikiwemo. Tetekuwanga ni ukoo mzima, na hupenda kiwiliwili. Huko Uingereza ilibidi ifike mwaka 1767 ndipo daktari William Heberden akaeleza kwa uwazi kwamba hayo ni magonjwa mawili.

Na hata baada ya hapo watu waliendelea kuyachanganya. Mtu wa mwisho duniani kupata ndui kwa njia ya kawaida alikuwa wa pwani hii hii yetu, ukiifuata kaskazini: Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali ya mji wa Merca, Somalia, mwenye miaka 23. Oktoba 1977 alipanda gari lililobeba watoto wawili wagonjwa ili amwonyeshe dereva njia, safari ya dakika chache. Alipopata homa wakadhani malaria. Alipotoka vipele wakadhani tetekuwanga, na wageni wakawa wanaingia na kutoka kumjulia hali. Ikaja kujulikana baadaye kuwa ni ndui, wakatafutwa wote aliokutana nao, na ugonjwa ukaishia kwake. Mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba ndui imekwisha. Maalin mwenyewe alipona, akaja kuwa mhamasishaji wa chanjo ya polio nchini kwake, na mwaka 2013 akafa kwa malaria akiwa katika kazi hiyo. Huwa naifikiria habari hiyo, malaria kwanza, kisha jina lisilo lake, kwa sababu mie mwenyewe niliianza njia hiyo hiyo, kama utakavyoona.

Sasa, watu wa mtaani hawakuwa na wasiwasi wa ndui. Siku tano kabla ya ile siku ya kusuka, Machi 10, Waziri wa Afya alikuwa ametangaza kwamba watu wawili wamethibitika kuwa na Mpox, ile homa ya nyani, hapa nchini. Basi mtoto mwenye malengelenge wiki ile alikuwa habari. Mama mmoja aliyekuwa akileta vitumbua hakuvuka kizingiti; alimwita bibi atoke nje, akakabidhi sahani kwa mkono ulionyooka mpaka mwisho. Simlaumu. Hata huko Kongo madaktari wamekuta mara nyingi mgonjwa aliyedhaniwa ana Mpox ana tetekuwanga. Dada alinipa njia ya kuangalia: Mpox mara nyingi huleta mitoki, uvimbe wa tezi shingoni, kwapani au kwenye kinena, vipele vyake ni vigumu, vimezama, vinauma kuliko kuwasha, katika sehemu moja ya mwili huwa vya rika moja, na viganja na nyayo havisalimiki. Mwanaidi viganja vilikuwa safi, tezi hazikuvimba, na kazi yake ilikuwa kujikuna. "Lakini ukibaki na shaka," dada akaongeza, "usitazame picha tena. Mpeleke hospitali wachukue kipimo."

Surua ndiyo nyingine ambayo watu huitaja. Hiyo hutanguliwa na siku kadhaa za homa kali, kikohozi, mafua na macho mekundu yanayochuruzika, ndipo upele unaanzia usoni na nyuma ya masikio kushuka chini. Haina maji ndani. Na upele wenyewe, huu wa kuambukizana kitandani, hujificha kati ya vidole na kwenye kiuno, huwasha usiku kucha kwa wiki nyingi, na hauji na homa. Harara inapenda mikunjo na jasho, na mtoto mwenye harara anacheza na anakula tambi.

Nirudi kwa jirani anayesuka. Wakati dada ananieleza kuhusu kuambukiza ndipo tumbo liliponikata. Virusi hivi, varisela-zosta kwa jina lake la kitaalamu, vinasafiri kwa hewa na kwa maji ya malengelenge, na mgonjwa anaanza kuvigawa siku moja au mbili kabla hata ya kipele cha kwanza kuonekana. Anaendelea mpaka kipele cha mwisho kiwe kigaga. Jumamosi mtoto wangu alikaa zaidi ya saa mbili kati ya magoti ya mwanamke, wakipumuliana. Na mwanamke huyo alikuwa na mimba ya miezi minne.

Nani aliniambia kwamba tetekuwanga ni ugonjwa wa watoto tu? Mama mjamzito ambaye hajawahi kuugua anaweza kupata homa mbaya ya mapafu. Katika wiki ishirini za mwanzo, kwa wachache, virusi vinamfikia mtoto tumboni na kumwachia kasoro za ngozi, viungo au macho. Akiugua siku chache kabla au baada ya kujifungua, kichanga kinaweza kuumwa vibaya sana. Dada alisema maneno machache: "Usingoje kesho. Nenda sasa hivi, umuulize kama amewahi kuumwa."

Nilikwenda na kandambili za miguu tofauti. Nilimkuta na mama yake wanaosha vyombo kwa mwanga wa kibatari. Nikasema yote, na nilipofika kwenye "nisamehe" mama yake akanikatiza. Akamshika mwanawe kidevu, akamgeuzia uso kwenye mwanga, akaweka kidole juu ya nyusi ya kulia. Palikuwa na shimo dogo, la duara, laini. "Darasa la pili," akasema. "Alikuna hiki kimoja nikampiga. Vingine vyote vilipotea, hiki hapa kimebaki." Aliyewahi kuugua huwa na kinga, kwa kawaida ya maisha yake yote. Hata hivyo dada alisisitiza aende kliniki akaeleze, akaenda, wakamwambia atulie. Sijawahi kufurahi kuona kovu la mtu namna ile.

Kwa mwalimu wa darasa nilikwenda Jumanne asubuhi. Hilo halikuchukua muda. Alinisikiliza, akasema kuna watoto wengine wawili hawajaja tangu Ijumaa, akanitazama kwa namna ambayo sikuhitaji tafsiri.

Kuhusu kuuguza sina mengi, maana kazi kubwa ni kungoja na kuzuia kucha. Tulizikata kucha za mtoto mpaka zikawa butu, na usiku bibi akamvalisha soksi mikononi. Maji ya uvuguvugu mara mbili kwa siku. Bibi alitaka yachemshwe na majani ya mwarobaini, dada akasema sawa kwa kuogea lakini hayanywewi wala hayaingii machoni. Losheni ya kalamaini ikamfanya mtoto aonekane kama mchezaji wa ngoma. Uji wa baridi, maziwa, tikiti, kwa ajili ya ule mdomo. Paracetamol kwa kipimo cha uzito wake. Kwenye duka moja la dawa kijana alinipa aspirini. Sitataja duka. Aspirini kwa mtoto mwenye tetekuwanga inaweza kuleta ugonjwa adimu unaoharibu ini na ubongo, na haifai kabisa. Ibuprofeni nayo dada alinikataza, kwa kuwa imehusishwa na vidonda vya ngozi kuoza vibaya. Bibi alikuwa na katazo lake mwenyewe: mtoto asichomwe sindano, eti vipele vitarudi ndani. Dada akacheka, akasema vipele havina mlango wa nyuma, na kama mtoto atahitaji sindano atachomwa.

Aliyoniandikia dada niyaangalie niliyabandika mlangoni. Homa inayozidi siku nne, au iliyokwisha kisha ikarudi. Kipele kinachovimba, kuwa cha moto na kutoa usaha, kwani bakteria hupenya pale mtoto alipokuna. Kupumua kwa shida, kutapika mfululizo, shingo kukaza, kuyumba akitembea, usingizi usioamshika. Lolote kati ya hayo ni hospitali, na haingojewi mpaka asubuhi. Mwanaidi hakupata hata moja. Kufikia Jumapili alikuwa vigaga vitupu, anauliza kama atavaa gauni la Idd.

Wajapani wana kisa cha baba mwingine. Daktari Michiaki Takahashi alimwona mwanawe mdogo akiteseka vibaya na ugonjwa huu walipokuwa wakiishi Marekani, akarudi nyumbani na kuanza kutafuta chanjo, na mwaka 1974 akaipata. Marekani walianza kuitumia mwaka 1995. Hapa kwetu haimo katika orodha ya chanjo ambazo mtoto hupewa kliniki bure. Surua na rubela zimo, tetekuwanga hapana. Kwa hiyo bado tunaugua, na kwenye nchi za joto kama zetu wengi hufika ukubwani kabla hawajaupata. Hapo ndipo ninapoingia mie.

Mama yangu nilimuuliza kwa simu ile wiki ya kwanza, "Mie niliumwa?" Akasema ndiyo. Baada ya saa moja akapiga tena: "Hapana, walioumwa ni kaka zako. Wewe ulikuwa Pangani kwa babu yako." Nikalipuuza. Tangu kuambukizwa mpaka kuugua ni siku 10 mpaka 21, mara nyingi kama wiki mbili hivi. Hesabu hiyo ningeweza kuifanya kwa vidole.

Jumapili ya tarehe 30 kichwa kikaanza kunigonga, mgongo ukauma kama nimepakua kontena peke yangu. Nafanya kazi ya ukarani kwa wakala wa forodha bandarini, sijawahi kupakua hata katoni. Jioni nilitetemeka. Nikaenda zahanati moja, kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu, nikapewa dawa za malaria vilevile, "kwa usalama". Nikazipokea. Nilikuwa nimemuuguza mtoto wa tetekuwanga wiki mbili kabla, nimelala naye kitanda kimoja, na si mie niliyetaja neno hilo wala si mganga aliyeniuliza. Kwa mkubwa homa na maumivu hutangulia siku moja au mbili kabla ya vipele, na hapo kila mtu wa pwani jina linalomjia ni moja.

Idd ikaandama. Jumatatu asubuhi, Machi 31, nilinyoosha mkono kuchukua kanzu, nikaona kitu kinang'aa kwenye kifundo.

Mke wangu, ambaye alikuwa amesharudi kutoka Lushoto, akampigia dada. Dada akasema nisiende msikitini, nisipokee mgeni, niende hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu mtu mzima mapafu yake yako hatarini zaidi na dawa ya asiklovia hufaa zaidi ikianzwa ndani ya saa 24 tangu kipele cha kwanza. Ningekuwa mvutaji wa sigara, akaongeza, angekuja Tanga mwenyewe kuniburuta. Nilipata dawa kabla ya adhuhuri. Nisidanganye, bado niliumwa. Siku ya tatu nilikuwa na vipele hata ndani ya sikio. Sikuweza kumeza biriani iliyopikwa kwa ajili yangu. Niliisikia harufu yake kutoka chumbani wakati wageni wanaambiwa mlangoni kwamba baba hajambo lakini haonekani. Mzee wa nyumba ya pili alituma salamu, na kwa sauti ya chini akamwambia mke wangu kwamba yeye alipopata mkanda wa jeshi mwaka jana watu walimfikiria mengine. Virusi ni hivi hivi. Baada ya kupona hujificha kwenye mishipa ya fahamu miaka na miaka, na uzee au udhaifu wa mwili ukija vinatoka upande mmoja kama mshipi. Alikuwa amekaa na siri hiyo mwaka mzima.

Usiku wa Idd ya pili dada alitaka kuniona. Umeme ulikuwepo, lakini mwanga wa chumbani ni hafifu, kwa hiyo mke wangu akashika simu na Mwanaidi akapewa tochi. Alikuwa bado amevaa gauni lake jipya, lenye madoa ya achari kifuani, na kwenye shingo madoa meusi ya vigaga vilivyokwisha kubanduka.

"Avue shati," sauti ya dada ikasema. "Mgeuze, nione mgongo."

Nikageuka. Tochi ilikuja kwa mbele kwanza, kisha mtoto akaihamishia ubavuni, kama alivyoona nikimfanyia yeye. Nikahisi kidole chake kidogo chenye baridi kikitua chini ya bega, kikanyanyuka, kikatua pengine.

"Huyu mtoto," akasema. "Huyu mtoto. Huyu kijana, anang'aa. Baba, usijikune, huyu hapa ni babu."